Pumba za Miaka Sita

Nikutegee kimoja kabla hatujaanza, nawe usikimbilie kujibu. Nina mtoto. Akiwa ameshiba, hodi ikibishwa huuliza kwanza, "Nani?" Akishikwa na njaa hana tena habari ya kuuliza, kila abishaye humkaribisha, hata aliyekuja kumwua mwenye nyumba. Ni nani huyo?

Kaa na jibu lako. Inspekta naye alikaa bila jibu siku nne nzima, na yeye alikuwa na mtu ndani.

Mtu mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane, mkazamwana wa mzee mmoja mkulima wa mpunga. Mume wake, mtoto wa mzee, alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu na simu yake haikupatikana. Mzee alikuwa amelazwa hospitali. Viganja vyake vilikuwa vigumu, vinakwaruza kama ngozi ya kenge. Nyayo zilikuwa zimekufa ganzi, na kila ukucha ulikuwa na mstari mweupe uliolala kutoka upande huu hadi ule. Daktari alipopeleka nywele na kucha maabara, jibu lilirudi na neno moja limepigiwa mstari: aseniki. Sumu.

Siku hiyohiyo dada wa mzee alifika kituoni na kopo la sumu ya panya ndani ya kitambaa. Watu wote walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Aliliweka kopo mezani kwa kishindo.

"Nimelitoa kwenye sanduku la huyo bibi. Na huyohuyo ndiye anayempikia kaka yangu chungu cha peke yake. Nyumba nzima tunakula sufuria kubwa, kaka yangu anapikiwa kijungu. Mnataka mpigiwe ngoma ndipo mwelewe?"

Mkuu wa kituo hakutaka ngoma. Alimweka mkazamwana ndani, na sasa ilikuwa imebaki siku moja. Kesho saa tatu asubuhi angepandishwa kizimbani.

"Kopo tunalo, chungu tunacho, na mwenyewe kakataa kusema," mkuu alimwambia Inspekta asubuhi hiyo. "Nakupa mpaka saa kumi. Ningekuwa wewe ningepumzika."

Inspekta hakupumzika. Alikuwa mama wa makamo mwenye daftari la kurasa za mistari kama la mtoto wa shule, na kituoni walimwita Bi Kwa Nini. Hawakuwa wakimsifu.

Alianzia mahabusu. Mkazamwana alikuwa ameketi pembeni mwa benchi kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi, ingawa alikuwa peke yake.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Hili kopo ni lako?"

"Langu. Panya walikuwa wanatumalizia mbegu."

"Ulilifungua?"

"Mara moja. Nilitega vijiko viwili nyuma ya ghala."

"Daktari amenisomea maandishi yake. Sumu hii huifanya damu isigande. Aliyeila hutoka damu kwenye fizi, hutoka puani. Baba mkwe wako fizi zake zilitoka damu?"

"Baba? Yule ana meno kunishinda mimi. Anavunja mfupa."

"Basi kopo hili si letu. Sumu ya panya imwendee panya wake." Inspekta akalisogeza mwisho wa benchi. "Sasa nieleze chungu."

Mkazamwana alitazama mlango.

"Kwa nini anapikiwa peke yake?"

"Alitaka."

"Kwa nini alitaka?"

"Nimeapa, Inspekta. Muulize mwenyewe."

"Nilimuuliza juzi. Aligeukia ukutani."

"Basi na mimi nina ukuta wangu huu," mkazamwana alisema, akauegemea.

Inspekta hakumfokea. Alifungua ukurasa mwingine. "Mwanao anakula kutoka wapi?"

"Sufuria kubwa. Na mimi, na Shangazi. Sote." Hapo sauti ilimlegea. "Mwambie Shangazi asimpe uji wa moto. Mtoto ana pupa, haupulizi."

"Nitamwambia. Hakuna aliyewahi kuonja kile chungu?"

"Mtoto, mara moja. Baba alimnyang'anya kijiko." Alisita. "Halafu aliyelia akawa Baba. Mtoto hakulia."

"Mchele wa chungu hicho unatoka wapi?"

Mkazamwana alitazama vidole vyake vya miguu. Alionekana kama mtu anayepima kiapo chake kinaishia wapi. "Jaruba la chini," alisema mwishowe. "Lile lililo karibu na banda. Hilo sikuapishwa."

Kufika shambani Inspekta na Sajini walitembea nusu saa kwa miguu, kwa sababu gari la kituo lilikuwa limesusa. Sajini alikuwa mwanamume mnene mwenye miaka miwili tu ya kustaafu, na alikuwa ameapa tangu kesi ianze kwamba wali hautapita kinywani mwake.

"Nimekula ugali siku nne," alilalamika njiani. "Mke wangu anadhani nimemchoka yeye."

Mpunga ulikuwa umeshavunwa wiki kadhaa nyuma na majaruba yalikuwa makavu, yakisubiri maji. Yalikuwa matatu, yamepangana kama ngazi, na pampu moja iliyanywesha yote. La juu lilikuwa la Shangazi, la kati la mkazamwana na mumewe, la chini la mzee. Kwenye majaruba mawili ya juu marundo ya pumba yalikuwa yakiungua taratibu, moshi mweupe mzito ukitambaa juu ya ardhi bila haraka, na mahali palipokwisha kuungua majivu meusi yalikuwa yametandazwa.

Jaruba la chini halikuwa na moshi, halikuwa na majivu, halikuwa na hata bua moja. Mashina ya mpunga yalikuwa yamekatwa sawasawa usawa wa udongo.

"Limefagiliwa kama sebule inayosubiri wageni," alisema Sajini.

"Wazimu wa kaka yangu huo." Ilikuwa sauti ya Shangazi. Alikuwa amewafuata na mtoto wa mkazamwana mgongoni. "Akivuna huokota bua mojamoja. Akitoka mashine ya kukoboa hurudi na pumba zote, gunia kwa gunia, wala hazimwagi. Wenzake tunachoma, yeye anaweka akiba! Sijui atazitagia mayai."

Alisukuma mlango wa banda kwa goti. Magunia yalikuwa yamepangwa kutoka sakafuni hadi paani, hata mwanga wa dirisha la nyuma haukupita. Inspekta aliingia kiubavu. Kwenye magunia ya mbele kulikuwa na mistari sita ya mkaa. Alipoyasogeza akakuta yenye mistari mitano; nyuma yake minne. Aliendelea mpaka vumbi likamziba pua. Ya mwisho kabisa, yaliyogusa ukuta, yalikuwa na mstari mmoja na utando wa buibui.

Juu ya mlango, kwa ndani, kulikuwa na jembe la mpini mfupi. Mpini ulikuwa unang'aa kwa mafuta, na chuma kilikuwa hakijagusa udongo siku nyingi. Chini yake, juu ya tofali safi, kulikuwa na malapa ya kike yaliyooshwa.

Inspekta alitoka nje. "Shangazi, miaka sita iliyopita kulitokea nini hapa?"

"Hakukutokea kitu."

"Kitu gani hicho ambacho hakikutokea?"

Shangazi alimpandisha mtoto mgongoni. "Wifi yangu aliondoka. Alikwenda milimani kwa dada yake. Alidai moshi unamuua kifua. Jaruba hili lilikuwa lake, alilima kwa lile jembe. Mwanamke mzima anakimbia moshi wa pumba! Mimi nimeuvuta moshi huuhuu tangu nizaliwe, nimekufa?"

Alikohoa. Alikohoa tena, akajishikiza ukuta wa banda. Sajini alijifanya anatazama ndege.

"Kwani majivu ni ya nini?" Inspekta alimuuliza alipopata pumzi.

"Ya nini? Ndivyo tulivyokuta. Ukivuna, choma, mwaga. Mpunga usiopata majivu hulala chini kama mlevi."

"Na wa jaruba hili hulala?"

"Hulala, tena majani yake hufanya madoa ya kahawia kama bati lenye kutu. Kila mwaka namwambia. Ni kama kumpigia mbuzi gitaa."

Inspekta aliandika *hulala*, akaandika *kutu*, akayapigia mstari yote mawili. Akang'oa mashina matatu jaruba la chini na matatu jaruba la juu, akayafunga mbalimbali. Kabla ya kuondoka alimgeukia Shangazi.

"Uji wa mtoto uupoze kwanza."

"Nani kakwambia nampa wa moto?"

"Mama yake."

Shangazi alikaza kanga ya mtoto mgongoni, akatangulia kurudi nyumbani.

Mkemia wa maabara alikuwa mwanamke mwembamba aliyezoea kuzungumza bila kuinua macho kwenye vyombo vyake. Siku nne zilizopita Inspekta alikuwa amempelekea vitu vitatu: mchele wa chungu kidogo, mchele wa sufuria kubwa, na chupa ya maji ya pampu.

"Leo umeniletea majani," alisema. "Kesho utaniletea ng'ombe."

"Anza na maji."

"Maji yana aseniki, lakini kidogo. Hakuna aliyeitia, iko kwenye miamba huko chini na pampu inaivuta. Wanayanywa?"

"Hapana. Ya kunywa wanakinga ya mvua. Ya pampu ni ya shamba tu."

"Vizuri. Mchele wa sufuria kubwa unayo kidogo pia. Wa chungu kidogo," akamwonyesha namba, "mara tano."

Sajini alipiga mluzi. "Basi mtu kaiongeza."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Nikauosha ule mchele mara saba, nikazikwangua punje moja moja. Sumu ya kutiwa hukaa juu kama vumbi. Hii iko ndani, tangu ngozi hadi moyo wa punje. Imelelewa na mmea wenyewe." Alivuta karatasi nyingine. "Na nywele za mzee nilizikata vipande kama muwa, nikapima pingili kwa pingili. Anayemtilia mtu sumu hutia leo, kesho akaogopa, mtondo akatia nyingi. Ungeona mabonde na vilima. Hizi ni tambarare. Mtu huyu alikuwa akila sumu yake kila siku bila kukosa, kidogokidogo, mwezi hadi mwezi."

"Pima na haya mashina."

Mkemia aliyasaga, akayaloweka dawani, akafunika mdomo wa kila chupa kwa kikaratasi. Walisubiri. Kikaratasi cha jaruba la juu kilipata rangi ya chai iliyozidi maziwa. Cha jaruba la chini kiliiva, kikaiva, kikasimama kwenye kahawia.

"Hakuna mwuaji anayelisha mabua," alisema Inspekta taratibu. "Lakini pampu ni moja, maji ni mamoja. Kwa nini hili na si lile?"

"Hapo ndipo nilipokwama. Umeona nini huko?"

Inspekta alimsomea daftari: jaruba lililofagiliwa, mpunga unaolala, madoa ya kutu, majivu kule juu, magunia ya pumba bandani. Kwa mara ya kwanza mkemia aliinua macho.

"Una kipande cha pumba?"

Pumba moja ilikuwa imenasa kwenye mkono wa koti la Inspekta. Mkemia aliichukua, akaisugua kwenye kiganja cha Sajini.

"Aa! Inakwaruza."

"Kinachokukwaruza kinaitwa silika. Mpunga unaipenda kuliko mmea mwingine wowote, ndiyo uti wa mgongo wake. Ukiikosa unalala, unaota kutu. Sasa, mizizi ina milango, na mlango wa silika ni mpana. Aseniki ikishakaa kwenye tope lenye maji hufanana na silika kwa umbo, na hupita mlango uleule. Silika ikiwa nyingi hujaa mlangoni, aseniki inasukumwa pembeni. Silika ikikosekana, mmea una njaa, unaongeza milango na kuifungua yote ukiitafuta. Na mwenye kuingia ni nani?"

"Yeyote abishaye," alisema Sajini.

Hilo ndilo jibu. Kama ulisema mzizi wa mpunga, mji nimekupa, ukautawale vizuri.

"Kila mwaka anavuna, anaondoa mabua, anaondoa pumba," Inspekta alisema. "Wenzake wanarudisha majivu, yeye harudishi kitu."

"Miaka sita anautoa ule uti wa mgongo na kuufungia bandani. Shamba limebaki na njaa."

"Kwa hiyo angechoma."

"Wala. Kuchoma ni mazoea tu. Pumba mbichi, ukizimwaga jarubani na kuzichanganya na udongo kabla ya maji kuingia, zinaoza zenyewe na silika inatoka ileile. Nafuu yake haina moshi."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Sema tena."

"Haina moshi. Nimesema nini cha ajabu?"

"Hukusema cha ajabu," alijibu Inspekta, akaliandika neno hilo peke yake kwenye mstari. "Na ule mchele wake?"

"Usiliwe, hata punje. Ila mbegu zake hazina kosa. Zikipandwa kwenye udongo ulioshiba zitazaa mchele wa kuliwa."

Ilikuwa saa nane kasorobo walipofika wodini. Mzee alikuwa amelalia ubavu, uso ukutani, sahani ya chakula cha hospitali haijaguswa.

"Shikamoo, Baba. Nimekuja tena na swali langu."

Hakugeuka. "Marahaba. Nami nipo na ukuta wangu."

"Maneno hayohayo kayasema mkazamwana wako asubuhi, huko mahabusu."

Mzee aligeuka mwili mzima kama mtu aliyemwagiwa maji. "Mahabusu gani? Dada yangu kaniambia amekwenda kwao kusalimia!"

"Yuko ndani siku ya nne. Kesho anashtakiwa kwamba amekulisha sumu. Tunamuuliza habari ya chungu, anasema ameapa."

Mzee alijaribu kushuka kitandani. Miguu haikumtii. Sajini alimshika, akamketisha, akamwekea mto mgongoni kama mtoto amwekeaye baba yake.

"Mimi ndiye niliyemwapisha," mzee alisema. "Niliona haya. Hasa kwa dada yangu, maana ulimi wake mnaujua. Mtu na mvi zake hizi anapikiwa mchele wa mkewe peke yake kama mgonjwa!" Alifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Mbegu ile aliichagua yeye, punje kwa punje, mwaka alioondoka. Kila mwaka natenga mbegu, napanda, na kinachobaki nakula kidogokidogo. Ningewapa wote ungekwisha kabla ya mavuno. Basi. Hiyo ndiyo siri yenyewe. Kwa hiyo ndiyo mmemfunga mwanangu?"

"Na pumba?"

"Alikuwa akisema, moto huu ukizimika nitapumua. Nikauzima. La dada yangu sina amri nalo, wala la mwanangu. Lakini lake nililizima mwaka uleule. Sikuacha bua wala pumba, mtu asije akatia kiberiti nikiwa sipo."

Inspekta alimweleza basi, polepole, habari ya mizizi na milango. Mzee alisikiliza akitazama viganja vyake. Alipomaliza, mzee aliuliza neno moja tu.

"Kwa hiyo nililinyima chakula?"

"Hukujua, Baba."

"Nililifagia," alisema mzee. "Kila mavuno nililifagia."

Muuguzi aliingia, akatoka. Inspekta alingoja mlango ufungwe.

"Mama anajua kwamba uliuzima moto?"

"Hajui."

"Miaka sita hukumpelekea neno?"

"Nilimwachia neno kituo cha mabasi. Nilisimama chini ya dirisha lake nikamuuliza, utarudi lini? Akavuta pumzi ajibu, kikohozi kikamshika, basi likaondoka." Alivuta shuka. "Aliyeulizwa ndiye mwenye zamu ya kusema, Inspekta. Ningeuliza tena ingekuwa namharakisha. Na kifua chake ni kile. Huenda bado anatafuta pumzi ya kunijibu."

Sajini alikwenda kutazama nje ya dirisha, ingawa dirisha lilitazama ukuta. Inspekta aliandika swali la mzee kwenye daftari, na chini yake akaacha mstari mtupu.

"Maneno matamu," mkuu wa kituo alisema saa tisa na nusu, akirudisha karatasi za maabara kwenye bahasha. "Lakini mzee ni mgonjwa na anampenda mkwewe, atasema lolote. Dada yake ndiye mlalamikaji. Naambiwa jaruba lilishiba, kisha likashikwa na njaa. Nani aliliona likiwa limeshiba? Niletee huyo."

"Yuko milimani."

"Basi una nusu saa ya kupanda mlima."

Inspekta alimwomba mkazamwana atolewe mahabusu. Shangazi naye alikuwa ameitwa, amekaa pembeni na mtoto, akiyasikia yote. Mtoto alipomwona mama yake alijitupa kutoka mapajani mwa Shangazi, na hakuna aliyemzuia.

"Namba ya mama mkwe wako unayo?" Inspekta aliuliza.

Mkazamwana alimtazama Shangazi, akaitaja kwa kichwa bila kukosea. "Mimi humpigia kila mwezi," alisema chini. "Humweleza habari za mtoto tu. Habari ya jaruba nilikuwa nimeapa."

Simu iliwekwa katikati ya meza, sauti imefunguliwa. Iliita mara nyingi. Aliyepokea alikuwa na sauti ndogo na ya wazi, isiyo na mkwaruzo wowote, na Inspekta aliona Shangazi akiinua kichwa.

Inspekta alijitambulisha, akamwambia kwanza kwamba mzee yuko hai, kisha akauliza.

"Jaruba la chini, Mama. Ulilitunzaje?"

"Nililitandazia majivu ya pumba kila mwaka, kabla ya maji. Magunia thelathini ya pumba yakiungua hayabaki hata matatu. Mpunga wangu ulisimama wima, muulize wifi yangu, alikuwa akinionea wivu."

Shangazi alinong'ona, "Ni kweli," kisha akaona mkuu anaandika, akafunga mdomo.

"Mpunga uliwahi kulala? Kufanya kutu?"

"Haujawahi. Na tuliula nyumba nzima miaka ishirini, hakuna aliyeumwa hata ukucha. Kwani sasa unalala? Mbona unalala, hawachomi?"

"Jaruba lako halijachomwa tangu ulipoondoka, Mama. Moto aliuzima mzee mwenyewe, mwaka uleule. Pumba zote ziko bandani, zimepangwa mwaka kwa mwaka."

Kwa mbali simuni kulisikika mtu akichota maji na mlango ukigonga kwa upepo.

"Tangu mwaka ule?" sauti iliuliza.

"Tangu ule. Magunia ya kwanza yana mstari mmoja wa mkaa."

"Hakuna aliyeniambia."

Mkazamwana alifunika uso kwa nywele za mwanawe. Mkuu wa kituo alikohoa kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Akavuta fomu ya kumwachia mahabusu, akaiandika, akaipiga mhuri mara mbili ingawa mara moja ingetosha. "Shangazi," alisema, "kopo lako utaondoka nalo. Ukawaue panya."

Shangazi hakuchukua kopo. Aliinama mbele ya mkazamwana, akaokota kiatu cha mtoto kilichoanguka, akamvalisha mguuni. Kufunga kamba kulimchukua muda mrefu. "Uji wake nimeupoza," alisema mwishowe. "Leo nimeupoza." Halafu akainua uso kuelekea simu. "Wifi! Mtu wa maabara anasema pumba hazina haja ya moto. Mbichi tu, na jembe. Mimi moto wa kwangu nimeuzima tangu mchana. Nimemwaga ndoo tano."

Simu haikukatwa.

Inspekta alifungua daftari penye mstari mtupu. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika tatu.

"Mama, ya kipolisi yamekwisha. Nina moja si la kwangu, nimetumwa. Uliulizwa swali kituo cha mabasi, chini ya dirisha. Aliyeuliza anasema zamu bado ni yako."

Walisikia pumzi ikivutwa, ndefu, hadi mwisho wake. Kikohozi hakikuja.

"Maji ya pampu yanafunguliwa lini?" aliuliza.

"Keshokutwa asubuhi," alisema mkazamwana.

"Basi mwambie kesho jioni. Mwambie gunia hata moja lisiguswe mpaka nifike. Kama hawezi kusimama, atakaa kwenye tuta anihesabie, mimi nitamwaga."